Maumivu Sugu, Mazoezi na Simu: Nani Yuko Upande wa Pili?

Oktoba 2020 Ujerumani ilianza jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado zinalijadili vikaoni: daktari kumwandikia mgonjwa programu ya simu kama anavyomwandikia dawa, na bima ya afya kulipa. Sheria iliyofungua mlango huo ilipitishwa mwaka 2019. Miongoni mwa programu za mwanzo kuingia kwenye orodha ya taifa ilikuwemo ViViRA, inayomwongoza mwenye maumivu ya mgongo kufanya mazoezi akiwa nyumbani. Tangu hapo biashara hii imepanuka. Kaia Health ya Munich, Joint Academy ya Sweden, Sword Health iliyoanzia Ureno, Hinge Health ya Marekani ambayo mwaka 2025 iliingiza hisa zake kwenye soko la New York: zote zinatoa ahadi moja, kwamba mtu anayeishi na maumivu ya mgongo, goti au bega anaweza kutibiwa kwa mazoezi yanayoongozwa na simu, bila kupanga foleni kliniki.

Ahadi hiyo inatugusa moja kwa moja hapa Afrika Mashariki. Hesabu za kimataifa zilizochapishwa mwaka 2023 zinaonyesha kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843, ongezeko kubwa zaidi likitarajiwa Asia na Afrika. Hakuna ugonjwa mwingine unaowaondolea watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya kazi. Anayelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri, dereva wa bodaboda anayerushwarushwa kwenye barabara ya vumbi, fundi cherehani aliyeinamia mashine kutwa nzima, bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kuchuchumaa: hawa wote wanaijua hali hiyo. Wengi wao tiba yao ni diklofenaki ya duka la dawa, mafuta ya kuchua, na ushauri wa kupumzika.

Kwa hiyo watu wanauliza: ipo programu nzuri ya kupakua? Naona swali la kutangulia ni jingine. Ndani ya programu hizi, ni kitu gani hasa kinachomponya mtu, na je, kitu hicho kinaweza kumfikia asiye na simu janja? Kulijibu lazima tuanze na mazoezi yenyewe, maana simu ni chombo cha kuyabeba tu.

Maumivu huitwa sugu yakidumu zaidi ya miezi mitatu. Kufikia wakati huo, mara nyingi jeraha la mwanzo, kama lilikuwepo, limekwisha kupona. Mwaka 1983 mwanasayansi Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio kwamba neva za ndani ya uti wa mgongo zikichokozwa kwa muda hubadilika, zikaanza kuitikia kwa nguvu hata mguso mdogo. Ni mithili ya mbwa wa ulinzi aliyewahi kupitwa na mwizi usiku mmoja: tangu hapo anambwekea hata mwenye nyumba. Maumivu ni ya kweli kabisa, mgonjwa hajifanyi, lakini hayapimi tena ukubwa wa madhara mwilini.

Juu ya hapo inakuja hofu. Anayeumia akiinama huogopa kuinama. Asipoinama misuli inanywea na viungo vinakakamaa. Siku akilazimika kuinama inauma kuliko mwanzo, naye anaona amethibitishiwa kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Watafiti Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza mzunguko huu kwa kina mwaka 2000, na tangu hapo umekuwa msingi wa tiba nyingi za maumivu. Huku kwetu hofu hiyo inalishwa na maneno ya kliniki yenyewe. Mtu anapigwa picha, anaambiwa pingili zimesagika, anarudi nyumbani akiamini mgongo wake ni kitu kinachoweza kuvunjika wakati wowote. Ilhali uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski katika asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa huko kwa wengi ni sawa na mvi. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo siku ile ile anapokabidhiwa picha yake.

Mazoezi tiba hufanya kazi katika sehemu zote mbili, mwili na hofu. Yanaimarisha misuli, na wakati huo huo yanaufundisha mfumo wa fahamu, hatua kwa hatua, kwamba kuinama, kunyanyua na kutembea havina hatari. Mapitio makubwa ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2021, yaliyojumuisha majaribio 249, yalikuta kwamba wenye maumivu sugu ya mgongo waliofanya mazoezi walipata nafuu ya wastani wa pointi 15 kwenye kipimo cha 100 wakilinganishwa na wasiopewa tiba au waliopewa huduma ya kawaida. Si muujiza, lakini kwa mtu aliyekwisha kata tamaa ya kulala usiku mzima, pointi 15 ni kitu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo: likapendekeza elimu kwa mgonjwa na programu za mazoezi, na likashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa jamii ya afyuni kama huduma ya kawaida.

Shida ya tiba hii ni kwamba inadai kurudiwa. Kidonge kinamezwa kwa sekunde moja. Zoezi linadai dakika 15 au 20, leo, kesho na mwezi ujao, na mara nyingi siku za mwanzo maumivu yanaongezeka kidogo kabla ya kupungua. Mtaalamu wa fiziotherapia anamwonyesha mgonjwa mazoezi matano, anampa karatasi yenye michoro, wanaagana. Baada ya wiki mbili karatasi iko chini ya godoro. Mgonjwa hakumbuki mguu upi ulitangulia, na ile siku aliyoumia zaidi hakuwa na wa kumuuliza kama aendelee au aache.

Pengo hilo ndilo linalolengwa na programu za simu. Zinaonyesha video, zinakumbusha, zinaongeza ugumu pole pole kulingana na majibu ya mtumiaji, zinaeleza maumivu ni nini. Nyingine zinatumia kamera ya simu kuangalia kama goti limekunjwa inavyotakiwa, nyingine zinamtumia mtu vifaa vidogo vya kufunga mwilini. Zilizo bora zaidi zina mtaalamu halisi anayesoma maendeleo ya mtu na kumwandikia.

Ushahidi wake ukoje? Unatofautiana, na tofauti zenyewe zina mafunzo. Jaribio la selfBACK lilifanyika Denmark na Norway kwa watu wazima 461 wenye maumivu ya mgongo, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Programu ilitumia akili unde kumpangia kila mtu mazoezi, matembezi na masomo ya wiki, bila mtaalamu wa kuzungumza naye. Baada ya miezi mitatu tofauti ya wastani kati ya walioitumia na waliobaki na huduma ya kawaida ilikuwa pointi 0.79 kwenye kipimo cha pointi 24. Ni ndogo mno. Lakini ndani ya wastani huo kuna habari nyingine: asilimia 52 ya waliotumia programu walipata nafuu ya pointi nne au zaidi, dhidi ya asilimia 39 ya wenzao. Kwa maneno mengine, programu iliwafaa baadhi vizuri, na wengine haikuwagusa kabisa. Wastani unawaficha wote wawili.

Weka pembeni yake jaribio la Uingereza la mwaka huo huo, lililowahusisha watu 105 wenye kusagika kwa magoti. Baadhi yao walitumia Joint Academy: mazoezi ya kila siku kwenye simu, na mtaalamu wa fiziotherapia wa kuwasiliana naye humo humo. Baada ya wiki sita maumivu yao yalipungua kwa pointi 1.5 zaidi ya wenzao, kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Goti si mgongo na vipimo ni tofauti, kwa hiyo namba hizi mbili haziwezi kushindanishwa moja kwa moja. Hata hivyo zinaelekea upande ambao kila aliyewahi kuhudumia wenye maumivu ya muda mrefu anaujua. Mtu hushika mazoezi akijua yupo anayemwangalia na atakayemjibu.

Kuna aina ya ushahidi ninayoisoma kwa tahadhari kubwa. Kampuni hizi hupenda kutangaza takwimu za watumiaji wake wenyewe. Mwaka 2020, kwa mfano, ulichapishwa uchambuzi wa watumiaji zaidi ya 10,000 wa huduma ya Hinge Health, wengi wakiripoti nafuu kubwa. Haukuwa na kundi la kulinganisha. Maumivu sugu hupanda na kushuka, na mtu hupakua programu siku ambayo hali ni mbaya kuliko kawaida. Wiki chache baadaye angekuwa na unafuu kiasi hata kama angekaa bila kufanya lolote. Wanaokata tamaa huacha kutumia, na wanaobaki kujibu maswali mwishoni ni wale walioona faida. Idadi kubwa ya watu haiondoi dosari hiyo, inaifanya ionekane ya uhakika zaidi kuliko ilivyo.

Wanaoacha ndio wengi, na hili halizungumzwi vya kutosha. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia programu za afya ya akili, ambazo zinafanana na hizi kwa jinsi zinavyotegemea nidhamu ya mtu, ulikuta kwamba baada ya siku 30 ni kama asilimia 3 tu ya waliozipakua walikuwa bado wanazifungua. Ukumbusho wa simu unaolia saa kumi na mbili jioni ni rahisi kuuzima, hasa kama umekuja wakati moshi wa jiko unakupofusha macho na mtoto analia.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya majibu bora kwa tatizo hili lilipatikana Kenya, na halikuhitaji programu yoyote. Mradi wa WelTel, uliochapisha matokeo mwaka 2010 katika jarida la Lancet, ulihusu watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Nusu yao walipokea kila wiki ujumbe mfupi wa simu wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au asiyejibu, alipigiwa simu na muuguzi. Kati ya waliopata ujumbe huo, waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62; kati ya wenzao, asilimia 50. Ujumbe huo haukukumbusha kumeza dawa wala haukufundisha chochote. Uliuliza hali, kama anavyouliza jirani, na nyuma yake alikuwepo mtu mwenye jukumu la kufuatilia jibu. Dawa za Ukimwi na mazoezi ya mgongo ni mambo mawili mbali mbali, lakini yanadai kitu kimoja kutoka kwa binadamu: kurudia kila siku jambo ambalo faida yake haionekani leo.

Nionavyo mimi, mjadala wetu ungeanzia hapo badala ya kuanzia Munich. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Tanzania inao wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa vizuri, KCMC ya Moshi ikiwa miongoni mwa vyuo vyenye sifa ya muda mrefu, lakini wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Mkulima wa mpunga wa Kyela anayetakiwa kufika hospitali ya rufaa Mbeya mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mazoezi ya nusu saa atafanya hesabu ya nauli na siku ya shamba iliyopotea, kisha atanunua vidonge. Diklofenaki ikimezwa kwa miezi mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na hayo hugundulika tayari madhara yameingia.

Simu ingeweza kumpunguzia safari. Lakini simu ipi? Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, jumuiya ya kampuni za simu, inaonyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara ni kama asilimia 27 tu ya watu waliokuwa wakitumia intaneti ya simu, na wanawake wako nyuma ya wanaume kwa takriban theluthi moja. Sasa tazama wanaoumia. Maumivu ya mgongo na kusagika kwa magoti huwapata zaidi wanawake, na huongezeka na umri. Mgonjwa wetu wa kawaida ni mama wa miaka 55 mwenye kitochi, au mwenye simu janja iliyopasuka kioo ambayo bando lake linaisha kwa video mbili. Programu yenye kamera ya kupima pembe za goti imetengenezwa kwa mtu mwingine kabisa.

Hata mazoezi yenyewe yana nyumba yake ya kufikirika. Yanadhani kuna kochi, mkeka wa mazoezi, na chumba ambamo mtu anaweza kulala chali akainua kiuno bila kutazamwa. Katika chumba cha kupanga chenye watu watano, au kwenye ua ambapo wakwe wanapita, mama hatafanya hivyo. Mazoezi ya kusimama ukiegemea ukuta, ya kukaa na kuinuka kwenye kigoda, ya kutembea, yanawezekana. Na kutembea si kitu kidogo. Jaribio la WalkBack la Australia, lililochapishwa mwaka 2024, liliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea wakisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia katika vikao sita walikaa siku 208, kwa kipimo cha katikati, kabla maumivu hayajarudi na kuwazuia shughuli zao. Wengine walikaa siku 112.

Kwa anayelima, hata hivyo, neno "mazoezi" linaweza kusikika kama dharau. Amekwisha inama kwa saa saba. Mwambieni ukweli: kazi ya shamba inautumia mwili kwa mwendo mmoja, bila kiasi na bila mapumziko ya kuchagua mwenyewe, na mazoezi tiba ni kinyume cha hayo. Anachohitaji kwanza pengine ni kugawa kazi, kusimama na kunyooka kila baada ya matuta kadhaa, kubeba maji kwa ndoo mbili ndogo. Hapa upo mpaka ambao programu haiuvuki. Mwaka 1975 jimbo la California lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi baada ya vibarua wa mashambani kupigania suala hilo kisheria kwa sababu ya migongo yao iliyoharibika. Wangeweza kufundishwa mazoezi maisha yao yote, na jembe lile lingeendelea kuwaumiza. Tiba inayomkabidhi mgonjwa peke yake jukumu lote la maumivu yake inaweza kuwa njia ya kuacha mpini mfupi kama ulivyo.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni usalama. Kila programu ya mgongo huanza na maswali ya kuchuja: una homa, umepungua uzito, miguu ina ganzi au imelegea, umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, umewahi kuugua saratani, umeanguka? Mwenye jibu la ndiyo aende hospitali, na kama ni kushindwa kuzuia haja au ganzi ya sehemu za siri, aende leo hii. Lakini uzito wa maswali hayo umepangwa kwa magonjwa ya Ulaya. Kwetu, mgongo unaouma kwa miezi na jasho la usiku unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kumpa mgonjwa huyo mazoezi ya kunyanyua ni kumpotezea muda ambao miguu yake haina. Kando ya Mlima Meru na sehemu za Bonde la Ufa, maji yenye floraidi nyingi hukakamaza mifupa na mgongo. Chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, huacha maumivu ya viungo kwa miezi, na kwa wengine miaka. Kijana mwenye selimundu anayechechemea huenda mfupa wa nyonga yake unakosa damu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayepaswa kuanza na simu. Anapaswa kuanza na mikono ya mtu aliyesomea, hata mara moja tu, na simu ifuate.

Lipo pia suala la siri. Programu ya maumivu inajua unaamka saa ngapi, unainama kiasi gani, una huzuni siku zipi, na kamera yake iko chumbani kwako. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliichukulia hatua kampuni ya GoodRx kwa kupeleka taarifa za afya za wateja kwa kampuni za matangazo, zikiwemo Facebook na Google. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Mwajiri anayewalipia wafanyakazi huduma kama hii hatakiwi kuona mgongo wa nani umechoka.

Baada ya kuyapima haya yote, ningependa kuona nini? Ningependa fedha za kwanza ziende kwenye mpango usio na mapambo. Mgonjwa anaonwa ana kwa ana kwenye kituo cha afya, dalili za hatari zinachujwa kwa orodha iliyoandikwa kwa magonjwa yetu, anaelezwa kwamba kuumia si kuvunjika, anafundishwa mazoezi matatu yanayofanyika alivyovaa na mahali alipo. Anaondoka na namba. Kila wiki anaulizwa hali kwa ujumbe mfupi au kwa sauti, na akisema shida anapigiwa. Mwenye simu janja apate video fupi kwa WhatsApp, asiye nayo asikose tiba. Mwaka 2023 Kenya iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi zikiwemo simu, na mwanzoni mwa 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu hao wanafika nyumbani kwa mgonjwa. Wanaweza kuona kama kigoda kinafaa, na kama ndoo ni kubwa mno.

Mafanikio yapimwe kwa mambo yenye maana kwa mgonjwa: ametembea hadi sokoni na kurudi, amechuchumaa chooni bila kushika ukuta, amesujudu, amelala usiku mzima, amepunguza vidonge. Wilaya mbili zilinganishwe kwa mwaka mzima, moja ikitumia karatasi ya michoro kama sasa na nyingine ikiwa na ujumbe wa kila wiki wenye mtu wa kuujibu, na walioacha njiani wahesabiwe pamoja na waliobaki. Muuguzi anayejibu ujumbe huo awe na saa zake za kazi hiyo kwenye ratiba ya kituo, na malipo yake yaandikwe kwenye bajeti kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kununua programu.